Tom Mboya na waraka ulioamua fedha za umma ziende wapi

MAREHEMU Tom Joseph Mboya hukumbukwa hasa kwa ufasaha wake jukwaani, kwa ndege zilizowapeleka vijana kusoma Marekani kuanzia 1959, na kwa risasi zilizomuua jijini Nairobi. Hata hivyo, jambo lake lililogusa zaidi maisha ya mwananchi wa mashambani ni waraka wa serikali ambao wengi hawajausoma.

Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930, huko Kilimambogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge la mlowezi ambako baba yake, Leonard Ndiege, alifanya kazi. Asili ya wazazi wake ilikuwa kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria. Kama jamaa nyingi za wakati huo, walikuwa wameiacha ardhi yao kuufuata mshahara mbali na nyumbani.

Alisoma katika shule za misheni, ikiwemo Mang'u, lakini karo ilimkwamisha. Akasomea ukaguzi wa afya na kuajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Hapo ndipo alipoingia katika vyama vya wafanyakazi, na kufikia 1953 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho lao. Baada ya masomo katika Chuo cha Ruskin, Oxford, alichaguliwa mwaka 1957 kuingia Baraza la Kutunga Sheria.

Desemba 1964 Rais Jomo Kenyatta alimkabidhi Wizara ya Mipango ya Uchumi na Maendeleo. Mwaka uliofuata wizara hiyo iliandaa Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika. Taifa lilikuwa changa na fedha zilikuwa haba. Kwa hivyo, waraka ulishauri fedha za maendeleo zielekezwe mahali ambapo zingezaa haraka zaidi: penye rutuba, mvua ya kutosha, barabara na nguvu za umeme. Faida ingepatikana huko kwanza, kisha iwafikie wengine. Maeneo yasiyo na rasilimali yangesaidiwa kwa elimu na afya, na baadhi ya wakazi wake wangehimizwa kuhamia penye neema.

Kwa hesabu za mwanauchumi, hoja hiyo ilikuwa na mantiki. Lakini barabara na umeme vilikuwa vimejengwa na serikali ya kikoloni kwa manufaa ya walowezi. Aliyekuwa nacho akaongezewa. Mfugaji wa Wajir, Turkana au Marsabit akaambiwa asubiri.

Haitakuwa haki kudai kwamba Mboya aliyapuuza mashamba. Mpango wa maendeleo wa 1970 hadi 1974, ulioandaliwa katika wizara yake, uliyapa maeneo ya mashambani uzito mkubwa. Hakujaliwa kuutekeleza. Julai 5, 1969, akiwa na umri wa miaka 38, alipigwa risasi katika barabara ambayo leo ni Moi Avenue. Alizikwa Rusinga.

Mwaka 2013, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyataja maeneo yaliyotengwa kiuchumi. Pamoja na Kaskazini Mashariki na Pwani, ilitaja pia Nyanza, nyumbani kwa waziri aliyesimamia waraka ule.

Katiba ya 2010 ilijaribu kuigeuza hesabu hiyo. Kaunti zilitengewa angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Aidha, Hazina ya Usawazishaji ilipewa nusu asilimia ya mapato ili kupeleka maji, barabara, vituo vya afya na umeme katika maeneo yaliyosahaulika. Tume ya Ugavi wa Mapato ilianza kwa kuorodhesha kaunti 14, zikiwemo Mandera, Tana River na Kwale.

Hazina hiyo ilipewa muda wa miaka 20 pekee. Bunge lisipouongeza, itafikia kikomo 2030, na vijiji ambavyo havitakuwa vimepata bomba la maji kufikia wakati huo vitarejea kwenye foleni iliyoanza 1965.