Schuyler Wheeler: Mvumbuzi wa feni aliyewapa kazi wasioona

Kwa wapenzi wa feni za kale, jina la Schuyler Skaats Wheeler bado lina uzito mkubwa, ingawa mwenyewe alifariki dunia zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mhandisi huyo Mmarekani ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kufunga mapanga kwenye mhimili wa mota ndogo ya umeme, mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka 22 tu.

Wheeler alizaliwa New York Mei 17, 1860. Alisoma katika Chuo cha Columbia, lakini mwaka 1881, baada ya kufiwa na baba yake, aliacha masomo na kuingia katika kazi ya umeme. Muda si mrefu akajiunga na wahandisi wa Thomas Edison, ambaye kituo chake cha Pearl Street kilianza kusambaza umeme Septemba 4, 1882.

Siku hizo umeme wa majumbani ulikuwa wa taa tu. Feni ya Wheeler ilidhihirisha kuwa waya uleule ungeweza pia kuwapunguzia watu adha ya joto. Ilikuwa feni ya mezani yenye mapanga mawili, isiyo na wavu wa kukinga vidole.

Mwishoni mwa muongo huo, Wheeler na mwenzake Francis Crocker walianzisha kampuni ya Crocker-Wheeler, iliyotengeneza mota na jenereta huko Ampere, New Jersey. Mwaka 1904 alitunukiwa Medali ya John Scott kwa uvumbuzi wa feni, na mwaka uliofuata akawa rais wa Taasisi ya Wahandisi wa Umeme ya Marekani.

Feni za enzi hizo sasa husakwa na watu wanaozifufua kama burudani ya muda wa mapumziko. Kazi hiyo si ya kung'arisha shaba peke yake. Mpira na pamba vilivyofunika waya hukauka na kupasuka kwa miaka, na waya ulio wazi ukigusa mwili wa chuma, anayeishika feni anaweza kupoteza maisha.

Kwa hiyo fundi makini haiwashi feni aliyoiokota. Kwanza huifungua, hubadili waya wa nje, husafisha bushi na kutia mafuta mapya, kisha hupima iwapo umeme unavuja kutoka kwenye koili kwenda kwenye mwili wa feni. Feni nyingi za awali zilitengenezwa kwa umeme wa mkondo mnyoofu, hivyo haifai kuzichomeka ovyo katika nyumba za leo zenye mkondo geu.

Kinachoamua hatima ya feni ni koili. Panga lililopinda hunyooshwa na rangi hupakwa upya, lakini koili ikiungua hapana budi kuisuka tena, mzunguko kwa mzunguko, bila waya kukatika wala kupishana vibaya. Kazi hiyo hutegemea vidole kuliko macho.

Wheeler alilitambua hilo, na likazaa jambo la heshima kuu katika maisha yake. Mwaka 1917, Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza na ikijua kuwa baadhi ya askari wangerejea bila kuona, alianza kuwafundisha wasioona kusuka koili katika kiwanda cha Ampere.

Wakati ule wengi wasioona waliachiwa kazi za kusuka vikapu na kutengeneza mifagio, au kuishi kwa kutegemea sadaka. Kiwandani kwa Wheeler walifanya kazi ya uzalishaji yenye ujira, na koili zao ziliingia katika mota za kuuzwa.

Wheeler alifariki Aprili 20, 1923. Feni ya mapanga mawili imebadilika sura mara nyingi tangu wakati huo, lakini ndani yake koili bado ni ileile: waya mwembamba uliozungushwa kwa subira. Anayeifungua feni ya kale ili kuisuka upya hurudia kwa vidole vyake kazi iliyowapa riziki wale ambao wengi waliamini hawana la kufanya.