Dakta Ibrahim Nagi, tabibu aliyetunga "Al-Atlal"

Wasomaji wetu wengi wa Muscat, Dubai na Doha wamekulia katika nyumba ambazo sauti ya Bibi Umm Kulthum haikukosekana. Wazee waliotoka Unguja walikuwa wakiijua zamani, maana taarabu yetu imechota Misri tangu zama za Sayyid Barghash. Lakini ukiuliza maneno ya "Al-Atlal", yaani Magofu, kayatunga nani, wachache watakujibu. Na katika hao ni wachache zaidi wajuao kwamba mtunzi alikuwa daktari wa serikali.

Ibrahim Nagi alizaliwa Shubra, mjini Cairo, mwishoni mwa mwaka 1898. Baba yake alikuwa mtu wa vitabu, na kijana akakua akisoma Kiarabu, Kiingereza na Kifaransa. Akasomea udaktari, akahitimu mwanzoni mwa miaka ya 1920, akaajiriwa serikalini, kwanza upande wa reli. Baadaye alipanda hadi kuongoza idara ya tiba katika Wizara ya Wakfu. Pamoja na hayo alikuwa na kliniki yake. Inasimuliwa kwamba maskini hakuwatoza kitu, na mara nyengine aliwapa na pesa ya kununulia dawa. Si ajabu kwamba hakutajirika.

Usiku alikuwa mshairi. Mwaka 1932 daktari mwenziwe, Ahmed Zaki Abu Shadi, bingwa wa elimu ya vijidudu na mfugaji wa nyuki, alianzisha jumuiya ya washairi iliyoitwa Apollo, na Nagi akawa mmoja wa viongozi wake. Walitaka shairi liseme yaliyo moyoni mwa mtu, badala ya kusifu wakubwa na kuomboleza mabwana.

Diwani yake ya kwanza ilitoka 1934, na hapo ndipo alipopata pigo. Taha Hussein na Abbas al-Aqqad, wakosoaji wawili waliokuwa wakiogopwa Misri nzima, waliishambulia. Taha Hussein aliyaona mashairi yale kuwa dhaifu, ya kusomwa chumbani tu, yasiyostahimili upepo wa nje. Nagi aliumia mno, akafikiria kuacha ushairi kabisa. Mwaka huohuo alisafiri kwenda London, na huko akagongwa na gari, akavunjika mguu. Daktari akawa mgonjwa katika nchi ya watu, na diwani yake imetupwa nyumbani.

Kwa maoni yangu wakosoaji wale walikosea, lakini tusiwaonee: beti zake za awali nyengine ni nyepesi kweli.

Hata hivyo hakuacha. Alirudi Cairo, akaendelea kupima wagonjwa na kutunga, akafasiri mashairi ya Baudelaire kutoka Kifaransa, na akatoa jarida la kuwaelimisha watu juu ya afya. "Al-Atlal" lenyewe ni shairi refu, lina beti zaidi ya mia, la mtu anayelilia penzi lililobomoka. Mpenzi huyo alikuwa nani, Wamisri wanabishana mpaka leo.

Mwisho wake ulikuwa mzito. Baada ya mapinduzi ya 1952 aliondolewa kazini. Sisi tuliokaa meza za ukarani twazijua barua hizo: mistari mitatu, sahihi na muhuri, basi. Alikuwa na kisukari, na pesa hana. Aliendelea na kliniki, na Machi 1953 akafariki akiwa na miaka 54. Husemwa alikuwa akimpima mgonjwa.

Miaka 13 ikapita. Mwaka 1966 Riyad al-Sunbati alilitia muziki shairi lile, likiwa limepunguzwa na kuchanganywa na beti za shairi lake jengine liitwalo "Al-Wada'", na Umm Kulthum akaliimba. Mwaka uliofuata aliliimba Paris, katika ukumbi wa Olympia. Mashairi yaliyoambiwa hayastahimili upepo wa nje yalikuwa yamevuka bahari, na mwenyewe hakuwahi kuyasikia yakiimbwa.