J.C.R. Licklider, mwanasaikolojia aliyetaka kompyuta zisomeane mafaili

Msimu mmoja wa korosho tulisoma hewani bei ya mnada uliokwisha pita. Karatasi ya bei ilikuwa imenakiliwa katika kompyuta tatu za studio, na mtangazaji akafungua nakala ya zamani. Simu zilipigwa mpaka betri ikaisha. Wazee walikuwa na haki ya kukasirika, maana mtu akisikia bei ya chini anaweza kukata tamaa na kuuza kangomba kabla ya mnada unaofuata.

Tangu siku hiyo bei tunaiweka katika saraka moja tu, yaani kabati moja la mafaili. Kabati hilo linakaa kwenye kompyuta moja, na kompyuta nyingine zinalifungua kupitia mtandao kana kwamba liko ndani yake zenyewe. Mwenzetu akirekebisha tarakimu, aliye chumba kingine anaiona tarakimu mpya, kwa sababu faili ni lile lile. Watu wa Newala wataelewa upesi: maji ya Mitema yanasukumwa kupanda uwanda, na kila kijiji kinakinga kwenye bomba lake, lakini chanzo ni kimoja.

Wazo la mtu kukaa mahali pamoja na kutumia faili lililo mbali lilihubiriwa mapema sana na Mmarekani mmoja ambaye hakusomea kompyuta kabisa. Ni Joseph Carl Robnett Licklider. Jina refu, na yeye mwenyewe alipenda aitwe Lick tu.

Alizaliwa tarehe 11 Machi 1915 mjini St. Louis, jimbo la Missouri, mtoto pekee wa wazazi wake. Tangu utotoni alipenda kuunda mifano ya ndege, na alipokuwa kijana alinunua gari bovu akaanza kulifungua na kulifunga. Mwaka 1937 alimaliza chuo kikuu akiwa amesoma fizikia, hisabati na saikolojia kwa pamoja. Mwaka 1942 akapata udaktari kwa utafiti wa namna sikio na ubongo vinavyotambua sauti.

Hapa sisi watu wa redio tunamdai shukrani ya pekee. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi katika maabara ya sauti ya Harvard, ambako walitafuta njia ya marubani kusikilizana katikati ya kelele za injini. Yeye na wenzake waligundua kwamba sauti ya mtu ikikatwa vilele vyake vyote, ikabaki inakwaruza vibaya, msikilizaji bado anayapata maneno. Wewe unayetusikiliza kwa redio ya mkulima shambani, betri imechoka, unalijua jambo hilo bila kwenda Harvard.

Mwaka 1957 alijipima mwenyewe. Alianza kuandika anavyotumia saa zake za kazi, akakuta kama asilimia 85 ya muda aliouita wa kufikiri unaliwa na kutafuta karatasi, kupanga tarakimu na kuchora grafu. Kufikiri kwenyewe kulichukua muda mfupi tu. Akaona kazi hizo za ukarani mashine ingeweza kuzifanya, na mwaka 1960 akachapisha makala kuhusu mtu na kompyuta kushirikiana kama wenza. Wakati huo kompyuta ilikuwa dude la kujaza chumba. Watu wengi walipeleka kadi zilizotobolewa, wakarudi baadaye kuchukua majibu.

Oktoba 1962 alichukuliwa na ARPA, idara ya utafiti ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, akagawe fedha kwa vyuo. Fedha hizo alizipeleka kwa watu waliotaka kompyuta moja itumiwe na wengi kwa wakati mmoja. Lakini kila chuo kilianza kuwa na lugha yake na amri zake. Aprili 1963 akawaandikia waraka, akawaita kwa mzaha wanachama wa mtandao wa kompyuta wa nyota zote. Mzaha huo ulibeba swali zito: kama mimi niko hapa na programu ninayoihitaji iko kwenye mafaili ya mwenzangu mbali, nitaipataje, na mashine zetu zitaelewanaje?

Aliondoka mwaka 1964 kabla waya wowote haujavutwa. Aliyekuja kushika ofisi ile baadaye, Robert Taylor, alikuta mashine tatu za kuandikia mezani, kila moja ikizungumza na kompyuta yake tu. Ukitaka kuhamia nyingine, unahama kiti. Taylor akaona upuuzi huo, na tarehe 29 Oktoba 1969 kompyuta mbili za California zikaunganishwa. Herufi mbili zilipita, mfumo ukazimika. Mwaka 1971 Abhay Bhushan, kijana kutoka India aliyekuwa MIT, aliandika kanuni za kuhamisha mafaili. Mwaka 1984 kampuni ya Sun Microsystems ikaleta njia ya kufungua saraka ya mbali bila kuihamisha, ile tuliyoieleza juu.

Licklider alikuwa amerudi MIT kufundisha. Kuongoza ofisi hakukumfaa sana. Alipenda zaidi kukaa na vijana na kuwauliza maswali. Tunachomheshimia zaidi ni kwamba hakuishia kwenye mashine. Mwaka 1968 yeye na Taylor waliandika kwamba mtandao ukiwa haki ya kila mtu utaleta mema, na ukiwa upendeleo wa wachache utapanua pengo lililokuwapo. Msikilizaji wa Tandahimba anayenunua bando la siku moja ili aone bei ya mnada, kisha linaisha ukurasa haujafunguka, yumo ndani ya hoja hiyo.

Alistaafu mwaka 1985. Alifariki Massachusetts tarehe 26 Juni 1990, akiwa na miaka 75. Ukurasa wa kwanza wa wavuti ulitengenezwa mwishoni mwa mwaka huo huo, kule Uswisi, na yeye hakuuona.