Semei Kakungulu na Sikukuu ya Pasaka

Watoto wa Newala na Masasi wajua habari za jando tangu udogo wao. Mavuno yakiisha, wavulana huenda jandoni, nao warudipo huhesabiwa kuwa watu. Lakini katika nchi ya Buganda desturi hiyo haikuwako. Waganda wa zamani waliona kutahiriwa kuwa ni jambo la Waislamu tu. Kwa hiyo lilikuwa jambo la ajabu sana, mwaka 1919, Semei Kakungulu, jemadari mashuhuri wa vita, alipotahiriwa katika utu uzima wake, yeye pamoja na wanawe.

Kakungulu alizaliwa yapata mwaka 1869 katika nchi ya Kooki. Alipokuwa kijana alikwenda Buganda kutumika, akajulikana kwa kuwinda ndovu na kwa uhodari wa vita. Akajifunza kusoma, akabatizwa katika dini ya Kiprotestanti. Siku zile Waganda walikuwa wakipigana kwa ajili ya dini, naye akapanda cheo hata akawa Kimbugwe, mmoja wa wakubwa wa Kabaka. Lakini Katikiro, Apolo Kagwa, alikuwa mshindani wake, na mafahali wawili hawakai zizi moja. Basi Kakungulu akaondoka, akashika njia ya mashariki. Mwaka 1899 alikuwamo katika vita ambavyo walikamatwa Mwanga, aliyekuwa Kabaka, na Kabarega, mfalme wa Bunyoro.

Baada ya hayo aliiteka nchi iliyoitwa Bukedi, akajenga maboma na kukata barabara. Na mji wa Mbale ulianzishwa naye. Alitumaini kwamba Waingereza watamfanya mfalme wa nchi ile aliyoiteka. Hawakufanya hivyo. Walimpunguzia mamlaka kidogo kidogo, na mwaka 1906 wakampeleka Busoga awe mkuu wa baraza la machifu. Mwaka 1913 kazi hiyo nayo ikaisha, akarudi Mbale, hana ufalme.

Hapo akaanza kutafuta neno jingine. Kwanza aliingia katika kundi la Wamalaki, watu waliokataa dawa na kuifanya Jumamosi kuwa siku ya kupumzika. Akasoma sana vitabu vya Musa, akaona kwamba Ibrahimu aliagizwa kutahiri wana wote wa kiume. Akaazimu kuishika amri hiyo. Wamalaki wakampinga, wakisema kwamba hiyo ni desturi ya Wayahudi. Kakungulu akajibu ya kuwa, ikiwa ndivyo, tangu siku hiyo yeye ni Myahudi. Wafuasi wake wakaitwa Abayudaya, na maana yake kwa Kiganda ni Wayahudi.

Katika vitabu vile vile mna habari za Pasaka. Wana wa Israeli walikuwa watumwa katika nchi ya Misri, wakifanyizwa kazi ya matofali. Farao alipokataa kuwapa ruhusa ya kwenda zao, kila nyumba ya Israeli iliagizwa kuchinja mwana-kondoo na kupaka damu yake katika miimo ya mlango. Usiku ule mauti yaliwapata wazaliwa wa kwanza wa Misri, bali nyumba zilizopakwa damu zilipitwa. Ndipo Waisraeli wakatoka kwa haraka, hata hawakupata nafasi ya kungoja unga uumuke. Tena iliamriwa kwamba mtu mume asiyetahiriwa asile Pasaka hiyo.

Hekalu la Yerusalemu lilibomolewa mwaka 70, na tangu hapo Wayahudi waliifanya Pasaka nyumbani bila sadaka ya mwana-kondoo. Kabla ya sikukuu nyumba husafishwa, na chachu yote huondolewa. Jua likichwa jamaa huketi pamoja. Hula mikate isiyotiwa chachu, wakumbuke ile haraka. Hula mboga chungu, wakumbuke uchungu wa utumwa. Na hunywa vikombe vinne vya divai. Mtoto mdogo huuliza sababu ya usiku ule kuwa mbali na usiku mwingine, na wakubwa humsimulia habari yote tangu mwanzo. Kila mtu hupaswa kujihesabu kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetoka Misri.

Mwaka 1922 Kakungulu alitoa kitabu cha sala na amri kwa Kiganda. Lakini hakuwa na mwalimu, na watu wake walichanganya desturi. Waliendelea hata kuwabatiza watoto. Katika miaka hiyo alikuja Myahudi mgeni, jina lake Yosef, akakaa naye miezi ipatayo sita. Yosef akamfundisha kuchinja kwa sheria, na kuhesabu miezi ya Kiyahudi kwa mwandamo, ili sikukuu zifanywe kwa wakati wake. Na Pasaka huanza mwezi uwapo mpevu. Kakungulu, aliyekuwa amezoea kuamuru majeshi, akakubali kufundishwa kama mwanafunzi, akaziacha desturi zisizo za Kiyahudi.

Alikufa tarehe 24 Novemba 1928, akazikwa Gangama, karibu na Mbale. Wafuasi wake walipungua, lakini hawakwisha. Idi Amin alipotawala Uganda, tangu mwaka 1971, aliikataza dini yao. Masinagogi yakafungwa, wengine wakaiacha dini, na wengine wakasali kwa siri.

Kisha, tarehe 11 Aprili 1979, askari wa Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda waliuteka mji wa Kampala, na utawala wa Amin ukaanguka. Jioni ya siku ile ile ndiyo iliyokuwa mwanzo wa Pasaka. Abayudaya waliona kwamba wao nao wametolewa Misri, na kila mwaka wana sababu mbili za kuukumbuka usiku huo.

Kakungulu aliutafuta ufalme kwa mkuki, akaupata, akanyang'anywa. Bali sheria aliyoipokea kwa kusoma, na sikukuu aliyofundishwa na mgeni, hakuna aliyeweza kuwanyang'anya watu wake.