Tippu Tip wa Kasongo: mfanyabiashara aliyepewa ruhusa na Leta, kisha akapoteza yote

Katika miaka ya 1880, Kasongo, kusini mwa Maniema, ilikuwa kati ya miji mikubwa ya Afrika ya kati. Mtu aliyeifanya makao yake makuu ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye wakaaji wa Maniema wanamjua hadi leo kwa jina la Tippu Tip. Alikufa Zanzibar mwezi wa Juni 1905, mbali na mto Lualaba uliompa utajiri wake. Kwa kufuata maisha yake, mtu anaona jinsi biashara ya pembe ilivyotoka mikononi mwa wenye bunduki ikaingia mikononi mwa Leta yenye kutoa na kunyima ruhusa. Anaona pia nani alilipa gharama katika nyakati zote mbili.

Kijana wa misafara

Hamed alizaliwa Zanzibar karibu na mwaka wa 1837. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara wa bara aliyekaa Tabora na kuoa katika ukoo wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Mtoto alianza safari za biashara akiwa bado mdogo sana. Alipofika umri wa kijana alikuwa amekwisha kuvuka nchi mpaka ziwa Tanganyika pamoja na baba yake, halafu akaanza kuongoza msafara wake mwenyewe.

Wakati ule hakuna ofisi iliyompa mtu karatasi ya kufanya biashara ya pembe huku bara. Mfanyabiashara alihitaji vitu vitatu: mali, bunduki na makubaliano na watawala wa njiani. Mali ilitoka kwa matajiri wa Kihindi wa Zanzibar, wakopeshaji wa nguo, shanga na baruti. Tajiri Taria Topan ndiye aliyemwamini Hamed zaidi. Kwa watawala wa njiani, msafara ulilipa hongo kabla ya kupita. Na desturi ya sehemu nyingi ilikuwa wazi: tembo akianguka, pembe moja ni ya mwenye ardhi.

Lakini yule mwenye bunduki nyingi aliweza kuivunja desturi hiyo. Mwaka wa 1867 Hamed alipigana na Nsama, mtawala mwenye nguvu wa Itabwa, kusini mwa ziwa Tanganyika, akamshinda na kuchukua pembe nyingi sana. Jina la Tippu Tip lilienea tangu hapo. Yeye mwenyewe alilieleza kuwa ni mlio wa bunduki zake. Wengine walisema ni kwa sababu ya macho yake yaliyopepesa. Mwaka huohuo alikutana na mzungu David Livingstone, akamsaidia kwa chakula na njia. Livingstone huyo ndiye aliyekaa miezi mingi Kabambare, kuanzia 1870 mpaka mwanzo wa 1871, akiugua vidonda vya miguu.

Mtawala wa Kasongo

Baadaye Tippu Tip aliingia nchi ya Utetera, upande wa mto Lomami. Huko alitumia akili kuliko bunduki. Alimwambia mtawala mzee, Kasongo Rushie, kwamba bibi yake alikuwa ndugu wa mtawala huyo, aliyechukuliwa mateka zamani. Mzee alikubali habari hiyo na kumwachia utawala. Wanahistoria wengi wana shaka juu ya undugu huo, lakini matokeo yake yalikuwa ya kweli: mgeni akawa mwenye ardhi, na pembe zilianza kuletwa kwake kama haki.

Mwaka wa 1874 alikutana na Mwingereza Cameron, na kati ya mwaka huo na uliofuata akahamia Kasongo. Kutoka hapo njia ya misafara ilipita Kabambare, ikafika Mtowa kwenye ziwa Tanganyika, ikavuka mpaka Ujiji, halafu Tabora, na mwishoni pwani. Kasongo ikapata mashamba makubwa ya mpunga, miti ya matunda, nyumba za udongo za mtindo wa pwani, misikiti na shule za Kurani. Kiswahili ambacho watu wa Maniema wanakiita Kingwana kilienea pamoja na watu wa misafara hiyo.

Upande wa pili wa utajiri huo haufichiki. Vijiji vingi vilichomwa. Wanaume walifungwa wabebe pembe, wanawake na watoto waligawiwa kama mali. Vijana wengine waliotekwa walipewa bunduki, nao wakaenda kuteka wengine. Pembe moja iliyofika Zanzibar iliacha nyuma yake watu ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Mwezi wa Oktoba 1876 Stanley alifika. Tippu Tip alikubali kumsindikiza kushuka Lualaba kwa mkataba wa maandishi. Kwa hesabu ya Stanley, malipo yalikuwa dola 5,000 kwa vituo 60 vya safari. Msitu, ndui na mapigano vilichosha msafara, nao waliachana mwishoni mwa Desemba kabla safari haijatimia. Stanley akaendelea mpaka bahari ya magharibi. Kwa njia hiyo alimfungulia mfalme Leopold wa Ubelgiji mlango wa Kongo.

Karatasi ya mwaka wa 1887

Mwaka wa 1885, baada ya mkutano wa Berlin, Leopold alitambuliwa kuwa mwenye Leta huru ya Kongo. Mkutano uleule uliahidi kwamba biashara katika bonde la mto Kongo itakuwa huru kwa watu wa mataifa yote. Lakini tarehe 1 Julai ya mwaka huo Leta ilitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali yake. Tangu hapo swali la nani ana ruhusa ya kufanya kazi gani, na mahali gani, lilianza kuamuliwa Bruxelles na Boma.

Mwaka wa 1886 watu wa Tippu Tip walipigana na kituo cha Leta pale Stanley Falls, Kisangani ya leo, na wazungu wakakimbia. Leta haikuwa na nguvu ya kurudi kwa vita. Kwa hiyo tarehe 24 Februari 1887, Zanzibar, Stanley alimpa Tippu Tip mkataba kwa jina la Leopold. Tippu Tip akawa gavana wa Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Alipaswa kupandisha bendera ya Leta, kuzuia utekaji wa watumwa katika eneo lake, na kumpokea mzungu wa Leta akae naye. Naye aliruhusiwa kuendelea na biashara yake.

Waarabu wengi wa Maniema walimcheka kwamba amejiuza kwa wazungu. Wazungu wengi wa Ulaya walikasirika kwamba mtu wa biashara ya watumwa amepewa cheo. Lakini yeye aliona mambo mbele kuliko wenzake. Alijua kwamba sultani wa Zanzibar hawezi tena kumlinda huku bara, na kwamba bila karatasi ya Leta, pembe zake zingeitwa mali ya wizi.

Ruhusa inapunguzwa

Karatasi hiyo haikudumu kuwa na nguvu. Mwaka wa 1889 Leta ilikataza kuwinda tembo bila ruhusa maalum. Mwaka wa 1890 mkutano wa Bruxelles ulifunga biashara ya bunduki na baruti katika sehemu kubwa ya Afrika, isipokuwa kwa kibali. Tarehe 21 Septemba 1891 Leopold alitoa amri ya siri akiwaagiza wakubwa wa Leta katika Uele na Ubangi kuchukua pembe na mpira wote kwa ajili ya Leta. Biashara huru iliyoahidiwa Berlin ilibaki kwenye maandishi tu.

Tippu Tip hakuwapo kuyajibu hayo. Stanley alikuwa amemshitaki Zanzibar, akidai pauni 10,000 kwa sababu wapagazi 600 walioahidiwa kwa safari ya kumtafuta Emin Pasha walichelewa. Tippu Tip aliondoka Stanley Falls mwaka wa 1890, akaugua njiani, akafika Zanzibar mwezi wa Julai 1891. Kesi ile haikuendelea. Lakini hakurudi Maniema tena.

Kasongo ilibaki kwa mtoto wake Sefu. Mwaka wa 1892 Gongo Lutete, mkuu wa vita aliyekuwa chini yao, alihamia upande wa Leta. Sefu alidai arudishwe, Leta ikakataa, na vita vikaanza. Wazungu wawili wa Leta waliokaa Kasongo, Lippens na De Bruyne, waliuawa. Jeshi la Dhanis liliteka Nyangwe mwezi wa Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili. Gongo Lutete mwenyewe alishitakiwa usaliti na maofisa wa Leta aliyoitumikia, akauawa Septemba 1893. Sefu alikufa vitani mwezi uliofuata. Kabambare ilianguka Januari 1894, na Rumaliza, mkubwa wa mwisho wa Waarabu, akakimbilia ng'ambo ya ziwa.

Pembe na mali zilizokutwa Maniema zilichukuliwa na washindi. Wanainchi waliotarajia kupumzika walikuta bwana mwingine: Leta iliwataka walete pembe na mpira, na wabebe mizigo ya askari. Mwaka wa 1902 kampuni ya reli ya Grands Lacs ilianzishwa, ikapewa haki juu ya ardhi kubwa na madini mashariki mwa Kongo. Haki ambayo zamani ilitafutwa kwa bunduki au kwa undugu wa kubuni, sasa ilitolewa Bruxelles kwa saini. Mkulima wa Kasongo na mbebaji wa Kabambare hawakuulizwa mara ya kwanza, wala mara ya pili.

Miaka ya mwisho

Zanzibar, Tippu Tip aliishi katika nyumba yake ya mjini, sehemu ya Shangani, ambayo ingali imesimama. Alibaki na mashamba ya karafuu. Hata huko karatasi zilimfuata: Rumaliza, mshiriki wake wa zamani, alimpeleka mahakamani kwa ajili ya mkataba wa biashara yao ya bara.

Katika miaka hiyo aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode aliyachapisha pamoja na tafsiri. Kitabu hicho ni kati ya vitabu vya kwanza ambamo mtu wa Afrika ya mashariki alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili. Ndani yake kuna hesabu za pembe, majina ya watawala, madeni na mikataba. Watumwa wake wamo humo kama mizigo na jeshi, si kama watu wenye maisha yao.

Mji wake wa zamani wa Kasongo uliachwa. Mahali pake panaitwa Tongoni, neno la Kiswahili la mahali palipohamwa. Wachunguzi wa mambo ya kale wamefanya kazi hapo na kukusanya kumbukumbu za wazee. Wazao wa waliokuja na misafara na wazao wa waliotekwa nayo wanaishi leo katika vijiji vilevile, wanasali pamoja, wanalima mpunga uleule. Na mchuuzi wa Kasongo au Kabambare anayelipia patente yake leo anasimama kwenye njia ileile, mbele ya swali ambalo Tippu Tip alilijua vizuri: karatasi hii itamlinda mpaka lini, na nani anaweza kuifuta.