Robert Wangila, Mpiga Ngumi Hodari

Hapa Issuna wengi hununa wasipochaguliwa kucheza. Hata mimi nilinuna. Basi sikilizeni habari za Robert Napunyi Wangila, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1967.

Mwaka 1988, huko Seoul, alimwangusha Laurent Boudouani wa Ufaransa katika raundi ya pili, akaipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika ngumi. Kisha akapigana kwa malipo Marekani. Lakini huko ngumi peke yake hazitoshi: mameneja na waandaaji ndio wapatanao nani akutane na nani. Ubingwa wa dunia hakuupata. Julai 1994, baada ya pambano Las Vegas, alifariki, umri wake miaka 26.

Sasa nikiachwa, narudi mazoezini. Lakini uhai wangu siuweki rehani kwa ajili ya sifa.