John Herschel: Mtaalamu wa falaki aliyeifuata nyotamkia ya Halley kutoka Rasi ya Tumaini Jema

Katika viwanja vya Shule ya Msingi Grove, kitongojini Claremont mjini Cape Town, Afrika Kusini, umesimama mnara wa mawe unaoonesha mahali ilipowahi kuwekwa darubini ya futi 20. Mwenye darubini hiyo alikuwa Sir John Herschel, mtaalamu wa falaki kutoka Uingereza aliyelichunguza anga la kusini kati ya mwaka 1834 na 1838. Miongoni mwa kazi alizozifanya hapo, moja ilihusu nyotamkia ya Halley, ambayo aliendelea kuifuata hadi ilipofifia na kutoweka kabisa machoni pake.

Herschel alizaliwa tarehe 7 Machi 1792 mjini Slough, katika nyumba ambayo mazungumzo ya nyota yalikuwa ya kila siku. Baba yake, William Herschel, ndiye aliyeigundua sayari ya Uranus mwaka 1781. Shangazi yake, Caroline Herschel, aligundua nyotamkia nane. Kijana huyo alisoma Chuo Kikuu cha Cambridge na mwaka 1813 akaongoza katika mtihani wa hisabati. Alijaribu sheria kwa muda mfupi, kisha mwaka 1816 akarejea nyumbani kumsaidia baba yake, ambaye umri ulikuwa umemlemea.

William Herschel alikuwa ameorodhesha maelfu ya nyota na mawingu ya nuru yanayoonekana kutoka Uingereza. Lakini sehemu kubwa ya anga la kusini haionekani kamwe kutoka huko, kwani hubaki chini ya upeo wa macho. Mwana aliamua kuikamilisha kazi ya baba. Serikali ilimpa nafasi ya kusafiri kwa meli ya jeshi la majini, naye akaikataa, akajigharamia mwenyewe. Mnamo Novemba 1833 aliondoka Portsmouth pamoja na mkewe Margaret na watoto wao watatu, wakatia nanga Cape Town Januari 1834. Walikaa katika shamba la Feldhausen, chini ya Mlima wa Meza. Vioo vya darubini yake vilikuwa vya metali na vilififia upesi, hivyo alikuja na vioo vitatu ili kimoja kikiwa kazini vingine vipate kusuguliwa upya.

Rasi ilikuwa wakati huo koloni la Uingereza. Tarehe 1 Desemba 1834 utumwa ulifutwa kisheria, lakini waliokuwa watumwa walilazimika kuwatumikia mabwana wao kwa miaka minne zaidi. Katika mazingira hayo Herschel alijihusisha pia na mambo ya jamii, na mapendekezo yake yalichangia kuundwa kwa mfumo wa shule za serikali katika koloni hilo.

Mwaka 1835 macho ya wataalamu wa falaki yaligeukia jambo moja. Edmond Halley alikuwa amekokotoa mwaka 1705 kwamba nyotamkia za miaka 1531, 1607 na 1682 zilikuwa nyota ileile moja, na kwamba ingerejea karibu na mwaka 1758. Ikarejea. Sasa zamu ya pili ya kuthibitisha hesabu hizo ilikuwa imefika. Wanahisabati wa Ufaransa na Ujerumani walikuwa wametumia miaka mingi kukadiria jinsi mvuto wa sayari kubwa ungeipotosha njia yake, ili wapate kutaja siku ambayo ingelikaribia Jua zaidi.

Herschel aliitafuta kwa miezi kadhaa bila mafanikio. Agosti mwaka huohuo gazeti moja la New York lilichapisha habari za uongo kwamba darubini yake imegundua viumbe wenye mabawa mwezini, habari ambazo yeye mwenyewe hakuwa na fununu nazo. Wakati wasomaji wa Marekani wakishangilia viumbe hao, mtu aliyetajwa alikuwa bado hajaiona hata nyotamkia iliyotabiriwa kwa hesabu. Wenzake wa Roma waliiona mwezi huohuo wa Agosti. Yeye aliiona kwa mara ya kwanza tarehe 28 Oktoba 1835.

Tarehe 16 Novemba nyotamkia ililipita Jua kwa karibu. Makadirio bora yalikuwa yamekosea kwa siku chache tu, baada ya safari ya miaka 76. Kwa upande wa njia, basi, hesabu zilikuwa zimeshinda. Kisha ikapotea katika mwanga wa Jua. Ilipojitokeza tena mwishoni mwa Januari 1836, ilikuwa upande wa kusini, mahali pazuri kwa mtazamaji wa Rasi lakini chini mno angani kwa walio wengi Ulaya.

Hapo ndipo kazi ya Herschel ilipokuwa na uzito wa pekee. Tarehe 25 Januari aliiona ikiwa imebadilika kabisa. Mkia ulikuwa umetoweka, na mahali pake palikuwa na duara dogo la nuru lenye ukingo ulio wazi, mithili ya sayari. Usiku baada ya usiku alilipima duara hilo, akaona likitanuka kwa kasi. Kadiri lilivyotanuka ndivyo nuru yake ilivyosambaa na kufifia. Hakukuwa na kamera, hivyo kila badiliko lilichorwa kwa mkono na kulinganishwa kwa macho. Kwa jirani yake Thomas Maclear, mkuu wa kituo cha falaki cha serikali, uchunguzi ulikuwa ukiendelea pia. Herschel aliiona mara ya mwisho tarehe 5 Mei 1836.

Vipimo hivyo vilileta swali gumu. Mvuto wa Jua ulieleza vizuri njia ya nyotamkia, lakini haukueleza kwa nini maada ya mkia hukimbia mbali na Jua badala ya kuvutwa kuliendea. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1847 kuhusu kazi zake za Rasi, Herschel alihoji kwamba lazima kuwepo nguvu nyingine ya kusukuma, labda ya umeme. Hakuwa na chombo cha kuithibitisha. Zaidi ya miaka 100 baadaye, uchunguzi wa mikia ya nyotamkia ulisaidia kuonesha kwamba Jua hutoa mkondo wa chembe zenye chaji ya umeme, unaojulikana leo kama upepo wa Jua. Pamoja na msukumo wa mwanga wenyewe, mkondo huo ndio unaoipeleka mikia upande usio wa Jua.

Herschel aliondoka Rasi mwezi Machi 1838, akiwa ameorodhesha zaidi ya nyota pacha 2,100 na zaidi ya mawingu na makundi ya nyota 1,700. Alifariki tarehe 11 Mei 1871, akazikwa Westminster Abbey, London. Maclear alibaki, na mwaka 1852 alimfundisha David Livingstone kupima mahali kwa kutumia nyota, ujuzi alioutumia katika safari zake za kati na mashariki mwa Afrika.

Mwaka 2003 darubini zilizoko Chile ziliipiga picha nyotamkia ya Halley ikiwa mbali karibu mara 28 ya umbali wa Dunia na Jua, nukta hafifu isiyo na mkia. Njia yake inajulikana, na inatarajiwa kulikaribia Jua tena mwaka 2061. Namna itakavyong'aa siku hizo bado ni lazima isubiriwe na kutazamwa.